Bustani Juu ya Barabara

Kila barabara hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huwaunganisha walio mbali, na huwatenga walio karibu. Kazi ya kwanza husifiwa siku ya uzinduzi, utepe unapokatwa na hotuba zinaposomwa. Kazi ya pili haitajwi, kwa kuwa wanaoumizwa nayo ni watoto waendao shuleni, wachuuzi wa mboga, na wazee waendao kwa miguu, nao hawana kiti jukwaani. Katika insha hii nataka, msomaji, tuipime dawa moja iliyobuniwa kwa ugonjwa huo. Tuone wema wake na upungufu wake, kisha tuulize kama yaifaa miji ya Kitui na Makueni.

Dawa yenyewe ni hii. Mahali ambapo barabara kuu imezamishwa ardhini kama mtaro mpana, ikaugawa mji pande mbili, wajenzi husimamisha nguzo na kutandika dari imara juu ya mtaro ule. Juu ya dari hueneza udongo, na katika udongo hupanda miti, majani na maua. Magari huendelea kupita chini. Watu hutembea juu. Kwa maneno machache, barabara huezekwa kama nyumba, na paa lake huwa bustani ya watu wote.

Marekani ndiko dawa hii ilikotumiwa sana. Katika mji wa Seattle, bustani ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1976 juu ya barabara kuu ipitayo katikati ya mji, nayo ilitoka katika ofisi ya msanifu Lawrence Halprin. Katika mji wa Dallas, bustani iitwayo Klyde Warren Park ilifunguliwa mwaka 2012. Ina ukubwa wa ekari 5 hivi, na huunganisha kitovu cha biashara na mtaa uliokuwa ng'ambo ya mtaro wa magari. Huko Boston kazi ilikuwa kubwa zaidi. Barabara iliyopita juu ya nguzo tangu miaka ya 1950 ilibomolewa, magari yakashushwa katika handaki, na mahali pake pakafanywa mfululizo wa bustani zilizofunguliwa mwaka 2008.

Tusizikebehi kazi hizi. Mahali palipokuwa na kelele na moshi, leo mama huketi na mtoto wake chini ya mti. Watu wa mitaa miwili, ambao zamani walitazamana kama walio ng'ambo mbili za mto uliofurika, leo hukutana bila kuogopa gurudumu. Huo ni wema wa kweli, wala mhakiki asiyeukiri si mwadilifu.

Lakini ukiisha kuusifu ua, uutazame na mzizi. Kwa nini mitaa ile ilihitaji kuunganishwa? Kwa sababu ilikatwa, tena ilikatwa kwa kusudi. Katika mji wa St. Paul palikuwa na mtaa ulioitwa Rondo, makao ya watu weusi, wenye maduka, makanisa na majumba ya mikutano. Katika miaka ya 1950 na 1960 barabara kuu ilipasuliwa katikati yake, na mamia ya nyumba yakabomolewa. Wanyonge ndio waliokuwa na ardhi rahisi, na sauti yao haikufika mbali. Basi juu yao ndipo mstari wa ramani ulipopita. Mwaka 2021 taifa lile lilitunga sheria iliyotenga dola bilioni 1 kwa ajili ya kuiunganisha tena mitaa iliyotenganishwa na barabara. Aliyeichana nguo ndiye aliyelazimika kununua uzi.

Hapa ndipo naona kasoro tatu za dawa yetu. Ya kwanza ni gharama. Mradi wote wa Boston, pamoja na mahandaki yake, ulimeza zaidi ya dola bilioni 14. Ya pili ni kwamba bustani huja baada ya wenyewe kuondoka. Aliyebomolewa nyumba yake miaka hamsini iliyopita harudishiwi nyumba kwa kupandwa maua mahali alipozaliwa. Tena huenda bustani ikapandisha kodi za pango, hata mjukuu wake akashindwa kuishi karibu nayo. Ya tatu ni kwamba paa hufunika, haliponyi. Magari ni yale yale, na moshi uliozuiwa juu hutafuta mdomo wa handaki utokee hapo. Mwenye kidonda akivaa kanzu nzuri huonekana nadhifu, lakini kidonda kiko pale pale.

Utauliza, msomaji: haya yote yanatuhusu nini, na katika miji ya Kitui na Makueni hapana hata barabara moja iliyozamishwa ili tuiezeke? Yanatuhusu sana. Mtu mwenye busara hujifunza kwa jeraha la mwenziwe kabla ya kushika kisu.

Tazama ramani ya Makueni. Kusini mwake zimepita nyuzi tatu zinazokwenda sambamba. Wa kwanza ni reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Wa pili ni barabara ya lami ya Mombasa. Wa tatu ni reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, yenye stesheni za Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Haki itendeke: miji ya Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei imekuzwa na njia hizo. Bila reli, hekalu la Masingasinga la Makindu, ambalo tangu mwaka 1926 limekuwa likiwakaribisha na kuwalisha wasafiri bila malipo, lisingalikuwapo. Bila barabara, Emali isingalikuwa soko ambapo Mkamba na Mmasai hukutana kuuziana mifugo.

Hata hivyo mama anaweza kumlea mtoto, kisha akamlalia usingizini. Malori yaendayo na kutoka bandarini hayapumziki usiku wala mchana. Duka liko upande huu, mteja yuko upande ule, na kati yao pana magurudumu. Reli mpya imeinuliwa juu ya matuta marefu ya udongo. Apitaye kwa miguu hana budi kutafuta kivuko kilichoachwa chini yake. Kivuko kikiwa karibu, hapana shida. Kikiwa mbali, jirani wa jana amekuwa mtu wa safari.

Wakamba wana maneno mawili yanayofaa kutuongoza katika jambo hili. La kwanza ni utui, yaani ujirani wa maboma yanayosaidiana kazini na msibani. La pili ni thome, yaani uwanja ulio mbele ya boma, ambapo wanaume waliketi kuota moto, kuamua mashauri na kuwafundisha vijana. Ukiyaelewa maneno hayo, umeelewa kiini cha mambo yote tuliyoyataja ya Seattle na Dallas. Barabara ilivunja utui, na bustani ni jaribio la kurudisha thome. Tofauti ni moja, nayo ni ya lazima: thome ya kale ilikuwa ya wanaume, bali thome ya mji wa leo haina budi kuwapokea wanawake na watoto sawasawa.

Sasa nikuonyeshe jambo la kushangaza. Reli mpya ilipokatiza mbuga ya Tsavo, wajenzi waliacha vivuko vipana chini yake ili tembo wapite kwenda kwenye maji na malisho. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi waliijenga reli juu ya daraja la urefu wa kilomita 6 hivi, wanyama wapate kutembea chini. Sisemi kwamba walikosea, walitenda vema. Walimwuliza tembo njia yake kwa kuzifuata nyayo zake. Nasema tu kwamba binadamu naye ana nyayo. Mtoto wa shule ana njia yake ya kila asubuhi, na mama aendaye kuteka maji ana yake. Fundi aliyeweza kuzifuata nyayo za tembo hawezi kudai kwamba hakuziona za mtoto.

Swali hili si la jana tu. Mwaka 2017 serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Bechtel ya Marekani ili ijenge barabara mpya ya mwendo wa kasi kati ya Nairobi na Mombasa. Kazi ile haikuanza, lakini wazo halikufa. Miaka iliyofuata likafufuliwa na wawekezaji wengine kwa njia ya malipo. Iwapo siku moja barabara hiyo itajengwa, itapita wapi isipopita Makueni? Nayo njia ya kasi haitaki ng'ombe wala mwenda kwa miguu. Hutaka uzio na milango michache. Nairobi imekwisha kuonja. Barabara ya malipo ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Mwenye gari na nauli hupaa juu yake. Aendaye kwa miguu amebaki chini, kivulini mwa nguzo na si kivulini mwa miti.

Kitui nayo imo njiani. Barabara ya lami kutoka Kibwezi, inayovuka Mto Athi na kupita Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui, imeziunganisha kaunti hizi mbili kwa namna ambayo wazee walioijua njia ya vumbi huistaajabia. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya barabara, nasi tushukuru. Lakini lami nzuri huita mwendo, na mwendo huita malori. Vijiji vilivyounganishwa leo vyaweza kutengwa kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi nini kifanywe? Nasema tusiige paa. Tuige fikira iliyo ndani yake. Katika nchi yetu kavu, bustani iliyopandwa katika udongo mwembamba juu ya zege ingekunywa maji mengi, hali akina mama wa Kitui bado hubeba mitungi. Mti uliopandwa katika ardhi yenyewe hujitafutia maji kwa mizizi. Kwa hiyo ardhi ya wazi ihifadhiwe sasa, mji ungali mchanga. Wote, makao makuu ya Makueni, imekwisha kuonyesha njia kwa kuwa na bustani ya umma, ambayo haikungoja mji upasuliwe kwanza.

Pili, kivuko kiwekwe pale ambapo miguu imekwisha kuchagua, wala si pale palipo rahisi kwa mkandarasi. Tena asipandishwe ngazi mwenye mzigo kichwani, wala kipofu, wala aendaye kwa kiti cha magurudumu. Ikiwa hapana budi mmoja apande au ashuke, na awe mwenye gari, maana injini haichoki magoti.

Watu wengine watanijibu: nchi changa ijenge barabara kwanza, bustani ni anasa ya matajiri. Hoja hii ina nguvu, lakini imegeuzwa kichwa chini. Matajiri ndio wawezao kukosea, wakalipa dola mabilioni, wakasahihisha. Maskini hana fedha ya kujenga mara mbili. Kuacha ekari chache za kivuli wakati shamba lingali shamba ni gharama ndogo. Kuzinunua baadaye, zikiwa zimejaa maduka ya ghorofa, ni gharama isiyolipika. Hata ardhi iliyokwisha kutengwa huhitaji mlinzi. Mwaka 1989 ilitaka kujengwa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, na ilimlazimu Wangari Maathai kusimama, akadhihakiwa na wakubwa, hata mradi ule ukaachwa. Asingalisimama, leo tungalikuwa tunatafuta dari la kupandia majani.

Wewe unayesoma maneno haya darasani, huenda ukawa mhandisi, mpimaji au diwani. Siku utakapoletewa ramani yenye mstari mmoja mnyofu, usiulize tu ni magari mangapi yatapita kwa siku. Ondoka mezani, uende mahali penyewe alfajiri, uhesabu miguu inayovuka. Uliza ni utui upi utakaokatwa, na thome ya watu wale itakuwa wapi. Ukiyauliza hayo kabla ya tingatinga kuwashwa, wajukuu wako hawatakuwa na haja ya kuezeka barabara, kwa sababu hapatakuwa na jeraha la kufunikwa.