Chumba cha Kulia

Kwa Kiswahili, chumba cha kulia kinaweza kuwa chumba chenye meza na sahani, na kinaweza pia kuwa chumba cha mtu kwenda kumwaga machozi. Kula kukiongezewa kauli ya kutendea kunakuwa kulia, na hapo kunagongana na kulia kwa majonzi. Watoto wa shule huligundua hilo mapema na hulicheka. Ila ipo hadithi moja ya Biblia ambayo mgongano huu unaifaa sana. Katika Mwanzo sura ya 43, waziri mkuu wa Misri anashindwa kujizuia mbele ya wageni wake, anaharakisha chumbani, analia, ananawa uso, anatoka, kisha anaagiza chakula kiletwe. Vyumba vyote viwili vimo katika tukio moja.

Mtu huyo ni Yusufu, na ndani ya kitabu cha Mwanzo hakuna anayelia mara nyingi kama yeye. Ukihesabu utapata mara saba au nane, kutegemea kama kuwalilia ndugu zake wote kunahesabiwa kando na kumlilia Benyamini. Mahubiri mengi huyakusanya machozi hayo yote na kuyafanya kitu kimoja: ushahidi wa moyo mwema, moyo uliosamehe. Usomaji huo una ukweli wake, lakini unaruka aya kadhaa, na aya zenyewe si za kurukwa. Sisi wa Mtwara hasa hatuna sababu ya kuziruka, kwa vile hadithi hii tunayo mara mbili. Masasi, Ndanda na Newala kengele za kanisa zimemsoma Yusufu kwa zaidi ya miaka mia. Mikindani na Msimbati watoto wa madrasa wanamjua Yusuf wa sura ya 12 ya Kurani. Mtu anaweza kukua akiwasikia wote wawili na asiulize kwa nini mmoja analia sana na mwingine halii.

Tuanze na kilio ambacho hakipo. Sura ya 37, Yusufu ana miaka 17. Ndugu zake wanamvua kanzu, wanamtupa katika shimo lisilo na maji, halafu wanaketi kula. Baada ya chakula anauzwa kwa vipande ishirini vya fedha. Katika tukio lote kijana hasemi neno. Hasihi, halii, haiti jina la mtu. Anayelia katika sura hiyo ni baba yake, Yakobo, anayekataa kufarijiwa na yeyote. Msomaji wa haraka ataondoka akidhani kijana alikwenda kimya.

Hakwenda kimya. Miaka ishirini na ushee baadaye, sura ya 42, njaa imewaleta ndugu hao hao Misri kutafuta nafaka. Wanapobanwa wanaanza kusemezana wao kwa wao, na hapo ndipo tunaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba siku ile kijana aliwasihi, kwamba waliiona dhiki ya nafsi yake na hawakumsikiliza. Msimulizi alikificha kilio hicho kwa sura tano nzima. Alipotusimulia siku yenyewe alituweka pale walipokuwa ndugu, kwenye chakula, na kwenye chakula hakikusikika. Sijui kama kuna namna kali zaidi ya kumshtaki mtu kuliko kumwonyesha akila na kumwachia msomaji agundue baadaye alikuwa anakula huku anasikia nini.

Pwani hii inaielewa hesabu hiyo. Mikindani ilikuwa bandari ya watumwa. Mwaka 1866 David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara, na jina lake limeandikwa kwenye kibao ukutani. Waliopitishwa hapo kwa minyororo hawana kibao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, akawapitisha Lindi na hatimaye wakakaa Masasi. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi na kuondoka na mateka. Kwa hiyo walikuwepo watu Masasi ambao maisha yao yalikuwa yameijua biashara ya sura ya 37 kabla ya kuisikia ikisomwa. Steere huyo huyo ndiye aliyelitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Msomaji wa namna hiyo hahitaji kuelezwa kwamba mtu anayeuzwa hulia, hata kama kitabu kimenyamaza. Anajua pia kwamba kilio hicho huja kukumbukwa na waliouza pale tu wanapoanza kuogopa wao.

Sasa tuyatazame machozi ya kwanza ya Yusufu yanayoonekana. Yamo hapo hapo katika sura ya 42. Ndugu wanasema Kiebrania mbele yake bila wasiwasi, maana kati yao na yeye amewekwa mkalimani. Yusufu anaelewa kila neno. Anageuka, analia. Kisha anarudi, anasema nao, anamchukua Simeoni na kumfunga mbele ya macho yao.

Tulia hapo kidogo. Kulia na kufunga vimo katika aya moja. Machozi hayakuzuia kamba. Ni ya kweli, hakuna anayeyatazama, kwa hiyo hatuwezi kusema ni ya maonyesho, na bado Simeoni anakwenda kifungoni. Wanaotumia machozi ya Yusufu kama hati ya huruma yake huanzia sura ya 45, kwenye kukumbatiana, na mara chache utawasikia wakisimama hapa. Ukianzia hapa unajifunza jambo jingine: mwenye mamlaka anaweza kuguswa kabisa na asibadilishe chochote. Anaweza kuelewa lugha ya aliye mbele yake, akajificha nyuma ya mkalimani, akalia, akanawa, akasaini.

Mto Ruvuma umenifanya nishindwe kuusoma ukalimani ule kama jambo la kale. Kimakonde kinasemwa ng'ambo zote mbili za mto. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, watu waliokimbia kuelekea kwetu walisema Kimakonde, Kimwani na Kiswahili, lugha ambazo mtu wa Mtwara hahitaji kutafsiriwa. Hofu ya upande huu haikuwa ya kubuni. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilikuwa kimevamiwa na wapiganaji waliovuka mto. Lakini mwaka huo wa 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilieleza hadharani wasiwasi wake kwamba maelfu ya waliokuja kutafuta hifadhi Tanzania walirudishwa Msumbiji. Naamini walikuwepo watu wa upande wetu walioelewa kila neno na wakageukia pembeni kufuta macho. Mwanzo 42 haituruhusu kuyadharau machozi hayo. Haituruhusu pia kuyahesabu kama msaada.

Mara ya pili ndiyo ile ya chumba. Yusufu amemwona Benyamini, mdogo wake wa tumbo moja, na anakimbia kujificha. Maji ya uso ni jambo dogo ambalo msimulizi angeweza kuliacha, lakini kaliweka. Nguvu ya Yusufu katika nyumba ile inategemea uso mkavu. Meza inayofuata imegawanywa: yeye peke yake, ndugu zake peke yao, Wamisri peke yao. Ndugu waliokula kando ya shimo sasa wanakula kando ya chumba, na kwa mara ya pili hawajui kwamba karibu nao kuna mtu aliyekuwa akilia. Hapa Kiswahili kinasaidia kuliko tunavyokistahi. Chumba cha kulia na chumba cha kulia vimetenganishwa na ukuta mmoja, na hadithi nzima inauliza ukuta huo utasimama hadi lini.

Unaanguka sura ya 45. Yusufu anawatoa watu wote nje, analia kwa sauti, na waliotolewa nje wanasikia hata hivyo. Habari inafika nyumbani kwa Farao. Hapo ndipo mkalimani anakosa kazi. Yusufu anajitaja kwa lugha yao, na kitu kinabadilika: chakula kinatolewa, magari yanatumwa, familia inahamishwa. Tofauti kati ya machozi haya na yale ya kwanza si ukweli wake. Yote ni ya kweli. Tofauti ni kwamba haya yanasikiwa, na aliyelia analipa kwa kulia, kwa vile ule uso wa waziri hauwezi tena kurudishwa.

Yusuf wa Kurani amesimuliwa kwa mpango mwingine. Katika sura ya 12 ndugu ndio wanaolia: wanarudi kwa baba yao jioni wakitoa machozi, na kanzu ina damu ya uongo. Baba haamini. Mapema kabisa msikilizaji anaonywa kwamba chozi linaweza kudanganya. Yusuf mwenyewe, ndugu zake wanapomsingizia wizi wa zamani mbele yake, analiweka jambo moyoni, wala hakuna chumba anachokimbilia. Huzuni yote imehamishiwa kwa mzee Yaakub, ambaye macho yake yanageuka meupe kwa majonzi anayoyazuia, na anayepata kuona tena kanzu ya mwanawe inapowekwa usoni pake. Wengine husoma sura hii kama sifa ya subira na kuishia hapo. Mimi naona bei ya subira imeandikwa waziwazi: macho. Mzee huyu ni nabii, na kuzuia kwake kumempofusha. Kitabu hakimlaumu kwa kuhuzunika na hakituambii kwamba haikumgharimu kitu.

Ukiviweka vitabu hivi viwili pamoja, vinapingana na mambo mawili tunayoyasema misibani. La kwanza ni "jikaze". Wanaume wengi wa kusini walifunzwa neno hilo jandoni. Jando la Wayao, Wamakua na Wamakonde lilitaka mvulana akabili kisu bila kulia, na hata Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, aliyelifanyia jando mageuzi ya Kikristo, alilijua kuwa ni shule ya kuwa mwanamume. Lakini Yusufu analia akiwa mwanamume wa pili kwa mamlaka Misri nzima. Msikitini nako, kinachokatazwa ni niaha, yaani mayowe na kujipigapiga na kuchana nguo. Machozi hayamo katika katazo hilo. Hadithi iliyo katika mkusanyiko wa Bukhari inasimulia kwamba Mtume alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akifa, na sahaba aliposhangaa, alijibiwa kwamba hiyo ni rehema. Injili ya Yohana ina utengano wa karibu na huo. Kigiriki kinatumia kitenzi kimoja kwa kilio cha Mariamu na waombolezaji wa Lazaro, na kingine, cha kutokwa na machozi, kwa Yesu. Biblia ya Union Version ya 1952 haikuwa na vitenzi viwili vya kutumia, kwa hiyo iliongeza neno "machozi" kwa Yesu peke yake. Ni uamuzi mdogo na mzuri. Kiswahili huliza kila kitu, kengele, ngoma, simu na mbuzi; mtafsiri alitaka tujue kwamba hapa ni macho.

La pili tunalolisema misibani ni kinyume cha la kwanza: "mwone anavyolia, alimpenda kweli." Hapo ndugu wa sura ya 12 wanatujibu, na Simeoni aliyefungwa anatujibu. Chozi halithibitishi. Anayezimia kaburini anaweza kuwa ndiye aliyeacha kupokea simu za marehemu. Asiyelia anaweza kuwa anapofuka taratibu. Vitabu havitupi kipimo cha kuwajua. Vinatutuma tukatazame kilichofuata baada ya uso kunawiwa.

Ndiyo maana naona mara ya mwisho Yusufu anapolia ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo isiyohubiriwa. Sura ya 50. Yakobo amekaa Misri miaka 17, amekufa, amezikwa Kanaani kwa maombolezo makubwa. Ndugu sasa wanaogopa kwamba kisasi kilikuwa kinamsubiri mzee aondoke. Wanatuma ujumbe, wakisema baba aliagiza kabla ya kufa kwamba wasamehewe. Agizo ambalo hatukulisikia mahali popote. Yusufu anapoupokea, analia.

Tazama hali ilivyo. Wamekula mezani kwake miaka 17. Wamelia shingoni mwake. Waliamini nafaka, magari na mashamba ya Gosheni. Machozi hawakuyaamini. Huenda walikuwa na haki, maana wao walikuwepo siku Simeoni alipofungwa, na mtu aliyelia siri kisha akafunga anaweza kulia tena na kufunga tena. Machozi ya chumbani hayakuwafikia kwa wakati, na ya hadharani yalichelewa kufuta kumbukumbu ya kamba. Safari hii Yusufu hajifichi, hanawi, haagizi chakula. Ndugu wanakuja, wanaanguka mbele yake, naye inambidi aanze upya kuwaambia wasiogope, kwamba atawalisha wao na watoto wao.