Kitabu Kikishatoka kwa Mtihani Huenda Wapi?

Kuna makala ya aina fulani kuhusu maduka ya vitabu vikuukuu, na mimi yamenichosha. Mwandishi anaingia, ananusa karatasi, anakutana na mzee wa miwani anayejua kila kitabu kilipo, halafu anatutangazia kwamba utamaduni wa kusoma bado uko hai. Picha inapigwa, inawekwa Instagram. Jioni amesharudi Nairobi.

Mimi naishi huku. Nanunua vitabu Migori na Homa Bay, kwenye vibanda, kwenye meza, mara nyingine kwenye gunia lililotandazwa kando ya stage. Na kuna jambo makala hizo haziligusi: anayechagua vitabu vya meza hizi si yule mzee wa miwani. Ni mtihani. KICD inaidhinisha, KNEC inatahini, na meza inafuata nyuma kama mkia.

Tuseme umeamkia Homa Bay, ukapita Rodi Kopany na Rongo, ukashuka Migori mchana. Meza utakazokuta hazitofautiani sana. Juu kabisa, pale jicho linapofika kwanza, kuna vitabu vya kutajirika: The 48 Laws of Power cha Robert Greene, nakala ya magendo, herufi zimepinda na kurasa kadhaa zimejirudia. Pembeni wamepangwa Wamarekani wa mitumba, akina Danielle Steel, Sidney Sheldon na John Grisham, waliofika kwa njia ileile iliyoleta suruali niliyovaa. Kuna Biblia za Dholuo. Ukiwa na bahati kuna My Life in Crime cha John Kiriamiti, cha mwaka 1984, ambacho hakilali mezani siku mbili. Chini ya hayo yote, katika mafungu yaliyokazwa kwa raba, ndiko uliko mtaji wenyewe. Setibuku.

Mafungu hayo unaweza kuyasoma kama mwanajiolojia anavyosoma mwamba. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora na The River and the Source cha Margaret Ogola, hiyo ni KCSE ya hadi 2017. Juu yake Chozi la Heri cha Assumpta Matei na Blossoms of the Savannah cha Henry ole Kulet, walioingia 2018. Juu zaidi Nguu za Jadi cha Clara Momanyi na Fathers of Nations cha Paul Vitta. Kitabu kikiwa kwa silabasi, nakala chakavu isiyo na jalada bado ina heshima, na muuzaji hapunguzi hata ulie. Kikitoka, kinashuka hadi bei ya chapati na chai. Maneno ni yaleyale, mwandishi ni yuleyule. Kilichobadilika ni waraka tu.

Januari ndio msimu. Mzazi anakuja na orodha ya shule na mfuko wa vitabu vya mtoto aliyemaliza, anavibadilisha kwa vya mtoto anayeingia, anaongeza kidogo. Sheria ya VAT ya 2013 iliweka asilimia 16 juu ya vitabu, na wengi hawakurudi tena kwa duka la vitabu vipya. Kisha kuanzia Januari 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, kutoka kwa mchapishaji, vikiwa vimeandikwa kwamba haviuzwi. Kwa mwanafunzi hiyo ilikuwa habari njema, na sitajifanya kusikitika. Kwa muuzaji, hisabati na sayansi zilitoka mezani, akabaki na hadithi.

Sasa nije kwa kile ninachokipenda, kwa sababu msidhani nimekuja kubomoa tu. Hizi meza zina watu. Kuna mwalimu wa BOM anayepitia kila jioni kuona kama kuna mwongozo umeingia. Kuna dereva wa boda anayesoma amekaa juu ya pikipiki, na abiria akija anakunja ukurasa, anarudisha kitabu mahali pake, kesho anaendelea palepale bila kulipa kitu, na muuzaji anajua. Kuna mabinti waliomaliza Form Four wanaongoja mambo yatokee. Kundi hili linaweza kubishana kuhusu Mtemi Nasaba Bora saa nzima, kama mtu wanayemfahamu, kama mheshimiwa waliyempigia kura wenyewe. Hawakukutana kwenye klabu ya vitabu. Walikutana ndani ya silabasi. Mtihani uliwapa kitabu kimoja wote, mtoto wa Kuria na mtoto wa Suba, aliyepata A na aliyepata D, na hilo hakuna duka la Nairobi lenye kahawa na viti laini ambalo limewahi kulifanya. (Kidagaa chenyewe kina Mwalimu Majisifu, anayeiba mswada wa mwenzake na kuuchapisha kwa jina lake. Nimekiona mara nyingi kimelalia nakala za magendo na hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.)

Lakini mtihani huo huo uliwafundisha kusoma kwa namna moja. Nina Kidagaa niliyonunua kwa soo moja. Wamiliki wake kabla yangu ni watatu, majina yamo ndani ya jalada, mawili yamekatwa kwa kalamu. Kila ukurasa umepigwa mistari na pembeni kumejaa: kinaya, tashbihi, sadfa, ukatili, alama nne. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo darasa langu la fasihi limekuwa pembezoni mwa vitabu vya watu wengine, kwa hiyo hizi alama nazisoma kwa makini kuliko wanavyozisoma wahakiki. Zinachosha. Msomaji anawinda mbinu ya lugha, akiipata anaiua, anasonga mbele. Hadithi inabaki nyuma ikivuja damu. Halafu unafika ukurasa mmoja katikati, ambapo Mtemi anafoka nyumbani, na mtu ameandika kwa penseli, kwa hati ndogo sana: kama baba. Hakuna swali la KCSE linalouliza hilo. Maneno hayo mawili ni uhakiki bora kuliko insha kadhaa ambazo nimelipwa kuziandika.

Kwa hiyo ninapopima meza hizi, swali langu si kama watu wa huku wanasoma. Wanasoma. Swali ni vitabu gani havikupewa nafasi ya kuandikwa "kama baba" pembeni.

The Promised Land cha Grace Ogot kilitoka 1966. Ochola na mkewe Nyapol wanatoka Seme kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Nyapol hataki kwenda, anakwenda kwa sababu ameolewa. Wanafanikiwa, jirani anawaonea wivu, Ochola anarogwa hadi ngozi inaota kama miiba, hospitali inashindwa, na mwishowe wanarudi nyumbani wakiacha walichochuma. Kiingereza cha Ogot katika riwaya hii kimenyooka mno, kuna mazungumzo yanasomeka kama barua ya ofisini, na anamhurumia Ochola kuliko anavyostahili. Bado sijasoma riwaya nyingine inayouelewa mpaka huu wetu namna hiyo. Familia nyingi za Migori zina shangazi Shirati au shamba Tarime. Mzozo wa Nyapol, niende au nibaki, unazungumzwa kila wiki kwenye magari ya Isebania. Na katika miaka yote ya kupekua meza za hapa, sijawahi kukiona hicho kitabu. Miaha, riwaya yake ya Dholuo ya 1983, wala usiulize.

Vivyo hivyo Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha 1971. Kinaanzia Ukerewe, kwenye ziwa hilihili, maji yaleyale yanayopiga gati la Homa Bay. Kinazungumzia binti aliyefungiwa na baba mkali, akaenda shule, akaona dunia. Tanzania walikipiga marufuku shuleni kwa muda, na hiyo peke yake ingetosha kukiuza. Kiko kwa Kiswahili, kimeandikwa na jirani, na hakipo. Freedom and After cha Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga na jina lake liko kwenye chuo kikuu cha Homa Bay, nacho hakipo. Danielle Steel yupo.

Mtu anaweza kuniambia huo ni ulalamishi, soko ni soko. Sawa. Lakini soko hili linakufa kwa tarehe inayojulikana. Watoto waliofanya KCPE ya mwisho 2023 watafanya KCSE ya mwisho 2027. Katika mtaala mpya, Fasihi ya Kiswahili na Fasihi ya Kiingereza ni masomo ya kuchagua, yako katika mkondo wa sayansi za jamii, na mwanafunzi anayetaka uhandisi anaweza kupita mbali nayo. Yale mafungu ya raba yatakuwa karatasi. Na karatasi huku ina kazi: nimeshafungiwa njugu kwa ukurasa wa Ogola, Akoko akiwa ndani, chumvi juu yake. Lile kundi la base halitakuwa tena na Mtemi mmoja wa kumsengenya.

Hapo ndipo meza italazimika kuchagua yenyewe kwa mara ya kwanza, na sitaki kudanganya kwamba najua muuzaji atafanya nini. Ana karo ya kulipa na kanjo wa kumalizana naye. Juzi nilimwuliza wa Homa Bay kama anaweza kunitafutia The Promised Land, hata nakala kumi akizipata, nitamsaidia kuziuza.

"Omera, hiyo iko kwa silabasi?"

Nikamwambia haiko. Akafungua daftari, akaandika jina chini ya orodha ya Grade 10, akaliangalia kidogo.

"Na huyu mama ni wa wapi?"

"Asembo. Hapo tu, ng'ambo ya ghuba."