Mshauri Naye Ana Msiba

Kile kitabu cha Huduma ya Kwanza ya Kisaikolojia, kilichotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na War Trauma Foundation na World Vision, wengi wetu tumekipitia kwenye mafunzo. "Angalia, sikiliza, unganisha" tumeikariri. Sura ya nne, ile ya mhudumu kujitunza mwenyewe, huwa inaachwa mpaka saa ya chai. Mimi nimeisoma yote.

Lugha yake ni nyepesi, haina dharau. Inakukumbusha kwamba si kazi yako kumaliza shida zote za mtu. Kula, lala, punguza pombe, usifanye kazi saa nyingi kupita kiasi. Huzuni au kukosa usingizi kukizidi mwezi mmoja, muone mtaalamu. Sawa, ila hiyo ni dawa ya uchovu. Mshauri ambaye mtu wake amejiua amefiwa.

Tena si jambo la nadra. Mwaka 1988 Chemtob na wenzake waliwauliza madaktari wa magonjwa ya akili huko Marekani, na asilimia 51 ya waliojibu walikuwa wameshampoteza mgonjwa hivyo. Hao ni madaktari. Mshauri wa hapa ni mkimbizi mwenzetu anayelipwa posho, anakaa mlango wa tatu kutoka kwa marehemu. Matangani atakuwepo, kama jirani. Mama mtu atamshika mkono: "Mwanangu alikuwa anakuja kwako. Alikuambia nini?" Siri ya kazi inamfunga mdomo. Usiku anarudia kila kikao: nilimuuliza waziwazi? Kuna neno lilinipita? Asubuhi saa mbili mwingine anamngoja kwenye benchi, na sasa lile swali lenyewe anaogopa kuliuliza.

Hapo ndipo kitabu kinaniudhi. Kinakubali kwamba mhudumu anaweza kuwa ameguswa na janga yeye mwenyewe, halafu kinamwambia apumzike kazi ikiisha, kama vile kuna gari la kumrudisha kwao. (Wageni wanalo, tena lina kiyoyozi.)

Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, mafunzo yajayo ongezeni ukurasa mmoja tu: wiki hiyo hiyo nani anakaa na mshauri, nani anapokea watu wake, nani anaongea na familia ili asiongee yeye. Na huyo wa kukaa naye asiwe bosi anayesaini mkataba wake.