Mafundi wa chini ya gari

Gari lililotumika Japani hushuka bandari ya Dar es Salaam, huuzwa, huuzwa tena, na siku moja hufika Mbeya au Iringa likiwa na rangi mpya na maradhi ya zamani. Hapo ndipo mnunuzi humwita fundi.

Fundi hatazami rangi. Huchomoa stiki ya oili. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini na mazungumzo ya bei yanaanza upya. Kisha hulala chini juu ya kipande cha boksi, asubuhi ya Julai, baridi ya Uyole, Mbeya, ikimpenya mgongoni, akitikisa tairi kwa mikono miwili asikie kama boljointi imelegea.

Ninachokiheshimu zaidi ni kutoa upepo kwenye breki. Mmoja hukanyaga pedali, mwenzake hulegeza nati chini. "Kanyaga! Shikilia!" Hurudia gurudumu kwa gurudumu mpaka mafuta yatoke bila povu. Hawaharakishi, kwa sababu wanaujua mteremko wa Kitonga kwenye barabara ya Iringa: kona kali, genge upande mmoja, malori mbele na nyuma. Sisi abiria tukishafika chini salama, tunamshukuru dereva.