Gazeti na Picha: Nani Hakupewa Kiti?

Kabla ya vita ya 1939 wakubwa wa Uingereza walijaribu kumtuliza Hitler kwa kumpa alichotaka. Tuwapime hapa mashahidi wawili wa London: gazeti la Times, na picha za kuchekesha za David Low katika Evening Standard.

Tarehe 7 Septemba 1938 Times liliandika kwamba yafaa Chekoslovakia ifikiri kuachia sehemu ya nchi yake. Tusilihukumu upesi. Watu wengi walikumbuka wafu wa vita ya 1914, wakaogopa. Lakini maneno yale ni laini mno: nchi ya watu imekuwa shauri la mezani tu, na mwenye kulipa haonekani.

Low hakusema kwa ulaini. Katika picha yake ya Julai 1936, Hitler anatembea juu ya migongo ya wakubwa walioinama, kama mtu avukaye mto juu ya mawe. Hata asiyejua kusoma anaelewa. Kwa hiyo mwaka wa 1937 Goebbels alimlalamikia Lord Halifax, na Low akaombwa apunguze ukali.

Lakini picha nazo zina upungufu. Mwishoni mwa Septemba 1938 wakubwa wanne walikutana Munich. Low akamchora Stalin akiuliza kama yeye hana kiti. Swali ni zuri; lakini Wacheki, wenye nchi, hawakupewa kiti Munich, wala hawamo katika picha.

Sisi wa Mokambo, tulio mpakani mwa Zambia, neno hili latugusa. Tarehe 3 Machi 1938 balozi Henderson alimpelekea Hitler kwa siri shauri la Chamberlain: Ujerumani ipate sehemu katika utawala mpya wa Afrika ya Kati, na Kongo ilikuwa ndani ya eneo hilo. Hitler akajibu kwamba makoloni yaweza kungoja miaka. Hakuna Mkongomani aliyeulizwa.

Machi 1939 Wajerumani waliingia Prague. Septemba vita ikaanza. Basi tunasema hivi: gazeti lilisifu amani bila kutaja bei, picha ilitaja bei, ikamsahau mlipaji. Twampa Low ushindi, lakini si ushindi mzima. Nasi tukisoma leo habari za mapatano, katika gazeti au katika picha, tuulize kwanza: mwenye shamba ameketi wapi?