Bei Aliyoipata Jirani

Uthamini kwa mauzo linganishi huanzia kwenye swali ambalo mnunuzi yeyote huuliza: kiwanja kama hiki kiliuzwa shilingi ngapi? Kanuni za Tanzania za fidia ya ardhi za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, zinadai ushahidi wa mauzo halisi ya karibuni. Bei anayoitaja dalali si ushahidi, ni tamaa ya muuzaji tu.

Ugumu uko kwenye neno "kama". Makambako, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana na ile ya Njombe na Songea, kiwanja kinachotazama malori ni cha biashara. Kilicho nyuma yake, hata kikilingana nacho kwa ukubwa, ni cha kuishi. Mthamini hawezi kupima kimoja kwa bei ya kingine bila marekebisho, na hapa ndipo ufundi wake unapopendeza. Tuseme cha jirani kiliuzwa milioni 12 kikiwa na hati, na kinachothaminiwa hakina. Hupunguza kwenye hizo 12. Kinachothaminiwa hakiguswi, maana bei yake ndiyo inayotafutwa. Apunguze kiasi gani? Hutafuta mauzo mawili yaliyotofautiana kwa hati tu, tofauti ya bei ikamjibu.

Njombe miti huleta mtihani mwingine. Ekari ya misindano iliyokaribia kuvunwa huuzwa pamoja na mbao zilizosimama juu yake. Mthamini huuliza miti ina umri gani, akaitoa thamani yake, ndipo ardhi ibaki peke yake. Shamba la parachichi hudai uangalifu uleule.

Kisha kuna watu. Mauziano mengi huandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na bei ya kwenye karatasi huweza kuwa pungufu ya iliyolipwa. Ndugu huuziana kindugu. Mwenye mgonjwa hospitalini huuza upesi. Mauzo ya namna hiyo huwekwa kando, hata kama ndiyo pekee yaliyopatikana kirahisi, na uaminifu huo ndio roho ya kazi.

Yanayobaki hayajumlishwi yakagawanywa. Uzito mkubwa hupewa yale yaliyohitaji marekebisho machache, na mthamini aliyesajiliwa kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 huweka saini chini ya thamani moja.