Mpotoko au Upotoshaji? Neno Moja la Mafundi wa Umeme

Mtu akifasiri kwa haraka jina la ile hitilafu ya umeme iletwayo na harmoniki, husema "upotoshaji". Neno hilo lina kasoro. Kupotosha ni tendo lenye mtendaji, na aghalabu lenye nia. Wimbi la umeme, kwa upande wake, lapotoka. Hali ionekanayo katika kipimo yafaa iitwe mpotoko, na mashine iliyoisababisha iitwe kipotoshi.

Pengine itadhaniwa kwamba huu ni ugomvi wa wanasarufi. Sivyo. Umeme wa Tanzania una masafa ya mizunguko 50 kwa sekunde. Rektifaya za mota, kompyuta na taa za LED huuvuta mkondo kwa vipande, zikazaa mawimbi mengine ambayo masafa yake ni vigawe vya 50: 150, 250, 350 na kuendelea. Yale ya 150 hayafutani katika waya wa nyutro bali hujumlika humo, hata waya ukapata moto ingawa fezi tatu zimebeba mizigo sawa.

Sasa na tutazame Arusha Chini, kusini ya Moshi, ambako kiwanda cha sukari cha TPC huzalisha umeme kwa makapi ya miwa na ziada yake kuuzwa kwa TANESCO. Penye maungano ya namna hiyo, popote yalipo, mpotoko waweza kuonekana upande mmoja na kipotoshi kikawa upande wa pili. Kanuni ya Marekani, IEEE 519, ya mwaka 2022, hukomesha mpotoko wa volteji kwenye asilimia 5 kwa njia za kilovolti 1 hadi 69. Lakini tarakimu hiyo peke yake haimtaji mkosa. Fundi hana budi kupima mkondo pia, na kuzima mizigo mmoja mmoja. Hapo ndipo hujulikana nani alipie kichujio. Ripoti yenye neno "upotoshaji" tu yamtia hatiani aliyepimwa.

Kuhusu dawa, lugha yahitaji uangalifu zaidi. Kapasita iliyofungwa bila hesabu huweza kuitikiana na transfoma, na wimbi la 250 likakua badala ya kupungua. Ikiunganishwa na koili iliyopimwa barabara, huwa kichujio. "Kuitikiana" ni neno zuri kuliko "mwangwi", maana mwangwi hurudi ukififia, na huu huzidi.